Setingi za leza: jinsi ya kuzipata kwa kuchoma vipande vya majaribio (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Haya ni maswali ambayo wenye mashine za leza wanaulizana kila siku, wengi wakiwa ni watu wa vibao vya ofisini, vishikio vya funguo, kadi za harusi, ngao za zawadi na mihuri. Nimeyajibu kwa kirefu pale ambapo najua watu wanapoteza matirio na hela, na kwa kifupi pale ambapo jibu ni fupi. Mengi ni ya leza ya dayodi (mwanga unatoka kwenye kipande kidogo cha elektroniki) na ya CO2 (mwanga unatoka kwenye tyubu, yaani bomba la kioo lenye gesi) maana ndizo zilizojaa mitaani, ila na faiba, ile ya kuchora vyuma, nimeigusa.

Si unipe tu namba za plaiwudi ya milimita 3 nikachome? Kwani lazima nitesti?

Naweza kukupa namba na zikakuharibia kazi. Setingi, yaani pawa, spidi na vingine unavyopanga, ni ya mashine yako, lenzi yako, umbali wako wa fokasi na kile kipande ulichonacho mkononi, ukibadilisha kimoja hapo namba nazo zinabadilika. Plaiwudi mbili za unene uleule kutoka maduka mawili ya Kariakoo zinaweza kuwa na gundi tofauti kabisa, moja ikakatika kwa mpito mmoja na nyingine ikagoma hata ukipita mara tatu, hasa hizi zilizotengenezwa kwa matumizi ya nje ambazo gundi yake ni ngumu mno kwa leza. Namba ya mtu mwingine ichukue kama sehemu ya kuanzia, ikuonyeshe uko kwenye mamia au kwenye maelfu, basi. Baada ya hapo choma gridi yako, yaani safu za viboksi vidogo ambapo kila kimoja kina pawa na spidi yake, ni kazi ya dakika chache tu na kakipande ambako ungekatupa.

Mashine yangu imeandikwa 40W, ya mwenzangu imeandikwa 10W, mbona yake inakata na yangu inababua tu?

Kwenye leza za dayodi matangazo mengi yanaandika wati za umeme unaoingia, sio za mwanga unaotoka. Mashine ya "40W" ya namna hiyo unaweza kukuta mwanga wake ni wati 5 hivi, wakati ya mwenzako inatoa wati 10 za kweli za mwanga. Tafuta kwenye karatasi za mashine maneno ya pawa ya mwanga, hiyo ndiyo ya kulinganisha na watu. Na hata hapo usilinganishe dayodi na CO2 kwa wati peke yake, kwa sababu rangi ya mwanga ni tofauti: dayodi nyingi ni bluu ya nanomita 450 hivi, CO2 iko 10,600 na haionekani, faiba iko 1,064 na yenyewe haionekani. Kila matirio inakunywa mwanga wake. Akriliki angavu isiyo na rangi ukiiweka chini ya dayodi ya bluu mwanga unapita tu kama hakuna kitu, ukiiweka chini ya CO2 inakatika vizuri kabisa, hapo sio suala la setingi.

Naanza na nini kabla ya gridi?

Fokasi, tafadhali. Watu wengi sana wanaanza na pawa na spidi wakati fokasi iko nje, halafu wanajaza mbao nzima na viboksi visivyo na maana, kwa sababu mwanga uliotawanyika unafanya namba zote ziwe za uongo na siku ukija kurekebisha fokasi unaanza upya.

Njia rahisi ambayo haihitaji kifaa chochote: chukua kipande kirefu cha MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) kilichonyooka, sentimita 20 hivi, ncha moja ilale kwenye meza na nyingine uiinue kwa kitu cha milimita 20, kiwe kimelala mteremko. Choma mstari mmoja tu kutoka chini mpaka juu, pawa ndogo, spidi ya wastani, uone mstari uwe mwembamba bila kuungua sana. Mstari utaanza mnene, utakuwa mwembamba sehemu fulani, halafu utanenepa tena. Pale palipo pembamba kuliko kote ndipo penye fokasi, rudisha kichwa pale juu yake, upime kutoka kwenye ncha ya nozeli mpaka kwenye mbao, hiyo namba iandike kwenye mwili wa mashine kwa kalamu isiyofutika. Kwa mteremko huo kila sentimita moja ya urefu ni milimita moja ya kimo, kwa hiyo unaona pia una nafasi kiasi gani ya kukosea kabla mstari haujaharibika.

Hata kama mashine imekuja na kile kijiti cha kupimia fokasi, fanya hili jaribio, vijiti vingine vinatofautiana na lenzi kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Na futa lenzi kwanza, lenzi yenye moshi inakula pawa kimyakimya.

Wengine wanaandika spidi 100, wengine 6000, nani mkweli?

Wote, ni kipimo tu. 100 ni milimita kwa sekunde, 6000 ni milimita kwa dakika, na ni spidi ileile kwa sababu sekunde 60 mara 100 ni 6000. Ukichukua namba ya mtu angalia kwanza anatumia kipimo gani, maana ukiweka 300 ya dakika kwenye mashine inayosoma sekunde umeenda mara 60 zaidi. Kwenye programu za kuendeshea leza, LightBurn unachagua mwenyewe kwenye mipangilio, LaserGRBL inasoma kwa dakika, na pawa yake inaandika kwa S, ambapo mara nyingi S1000 ndiyo asilimia 100 (hiyo inategemea namba ya mpangilio unaoitwa $30 kwenye mashine yako, iangalie).

Umbali wa mistari ni nini na niweke ngapi?

Leza ikijaza eneo inachora mistari iliyolala pamoja. Umbali wa 0.1 mm maana yake mistari 10 kwa kila milimita, ndio sawa na 254 kwa inchi. Wengi wanaanzia hapo na ni pazuri, kwa sababu doa la mwanga la dayodi nyingi liko karibu na 0.1. Ukiweka 0.05 kwa doa hilohilo mistari inalaliana, matirio inaungua mara mbili, kazi inachukua muda mara mbili, na picha haiongezeki ubora hata kidogo.

Kuhakikisha, choma viboksi vitano vya spidi moja na pawa moja, ubadilishe umbali tu: 0.06, 0.08, 0.10, 0.12, 0.15. Chukua ule mpana zaidi ambao bado huoni michirizi myeupe katikati. Ukishauchagua usiuguse tena mpaka gridi iishe, kwa sababu ukibadilisha umbali wa mistari gridi yote ya pawa na spidi imekufa.

Haya, gridi yenyewe naichomaje?

LightBurn inayo tayari, ingia Laser Tools halafu Material Test, unaweka spidi ya chini na ya juu, pawa ya chini na ya juu, idadi ya viboksi, yenyewe inachora na namba pembeni. LaserGRBL nayo ina sehemu ya kutengeneza jaribio la pawa na spidi. Kama programu yako haina, chora viboksi kwa mkono na kila kimoja ukipe rangi au leya yake, inachosha lakini inafanya kazi ileile.

Mimi napendelea viboksi 6 kwa 6, kila kimoja milimita 8 na nafasi ya milimita 2 katikati, jumla ni milimita 58, pamoja na maandishi inaingia kwenye kipande cha sentimita 8 kwa 8. Vikiwa vidogo kuliko hapo kichwa hakipati nafasi ya kushika spidi kamili, kinakuwa kinaongeza na kupunguza mwendo tu, kwa hiyo unachosoma kwenye kiboksi sio spidi uliyoiandika.

Gridi ya kwanza iwe pana. Kwa dayodi ya wati 10 kwenye mbao, spidi kuanzia 1000 mpaka 6000 kwa dakika na pawa kuanzia asilimia 10 mpaka 100. Kwa CO2 ya wati 50 au 60, spidi 100 mpaka 400 kwa sekunde na pawa 12 mpaka 40, na usianzie chini ya hapo kwa sababu tyubu nyingi za CO2 chini ya asilimia 10 hivi haziwaki kwa utulivu, kiboksi kinatoka na madoa madoa, utadhani matirio ndiyo mbovu. Halafu gridi ya pili iwe nyembamba, unazunguka palepale palipopendeza, pawa zikitofautiana kwa asilimia 3 au 5 tu. Watu wengi wanaishia kwenye ile ya kwanza, na utamu wote uko kwenye ya pili.

Maandishi ya namba pembeni yana setingi zake peke yake, zipunguze, vinginevyo yanaungua na huwezi kusoma gridi yako mwenyewe. Na anza kuchoma upande wa spidi kubwa pawa ndogo, ukiona kuna moto unasimamisha kabla hujafika kwenye pembe ya hatari.

Gridi nimepata, sasa naisomaje? Kile cheusi kabisa ndio kizuri si ndio?

Hapana, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Cheusi kabisa mara nyingi ni mkaa, ukipitisha kidole unatoka, mteja akikaa nacho mwezi mmoja kimefifia na nguo yake imechafuka.

Kwanza kifute: kitambaa chenye spiriti kidogo, au brashi laini, halafu ndio uangalie. Unatafuta kiboksi chenye rangi iliyokolea ambayo haitoki, kingo zake zimenyooka, hakina ukungu wa njano wa moshi kuzunguka, na ukipapasa hakina shimo usilolitaka. Kiangalie kwenye mwanga wa jua karibu na mlango, maana chini ya taa ya dukani kila kitu kinaonekana cheusi. Mara nyingi utakuta viboksi vitatu vinne vinavyofanana vimekaa kwa mshazari, hapo chukua chenye spidi kubwa zaidi kama una kazi nyingi, au cha katikati kama matirio yako haifanani kila sehemu, kwa sababu cha katikati kinavumilia tofauti ndogondogo bila kukuangusha.

Jiulize pia unatesti kwa ajili ya nini. Gridi ya kujaza eneo haikuambii chochote kuhusu herufi ndogo. Kama kazi yako ni majina kwenye kalamu au vibao vya kifuani, ukishapata kiboksi kizuri choma na neno moja kwa saizi halisi na fonti halisi, utashangaa jinsi herufi "a" na "e" zinavyoziba kwenye setingi ambayo kwenye kiboksi ilikuwa safi kabisa.

Pawa 50 spidi 100, na pawa 100 spidi 200, si ni kitu kimoja?

Kwenye hesabu ndiyo. Chukua wati zinazotoka, ugawanye kwa spidi ya mm kwa sekunde mara umbali wa mistari. Wati 5 kwa spidi 100 na umbali 0.1 unapata nusu juli kwa kila milimita ya mraba, na wati 10 kwa spidi 200 unapata nusu juli ileile. Hii hesabu inasaidia sana ukihama kutoka mashine moja kwenda nyingine ya aina ileile, inakupa pa kuanzia.

Kwenye mbao halisi hazifanani. Ukienda polepole kwa pawa ndogo joto linapata muda wa kusambaa pembeni, unapata rangi ya kahawia laini na kingo zimetawanyika kidogo, ukienda haraka kwa pawa kubwa unapata kingo kali na shimo. Ngozi na karatasi zinapenda haraka. Mbao laini kama paini nayo nadhani haraka ni bora, kwa sababu ile mistari ya nyuzi inaungua kwa viwango tofauti na ukienda polepole tofauti inazidi kuonekana.

Mbona pembeni mwa kila kiboksi pameungua zaidi kuliko katikati?

Kichwa kinapofika mwisho wa mstari kinapunguza mwendo ili kigeuze, leza ikiwa bado inawaka kwa pawa ileile panaungua. Washa overskani kwenye programu ili kichwa kigeuzie nje ya picha leza ikiwa imezimwa, na kwa mashine za GRBL (programu iliyo ndani ya mashine nyingi za dayodi) hakikisha mpangilio wa $32 ni 1 na unatumia amri ya M4, ambayo inapunguza pawa kadiri mwendo unavyopungua. M3 inashikilia pawa moja muda wote. Rekebisha hili kabla ya gridi.

Na kukata, gridi ni ileile?

Hapana, kukata kuna jaribio lake. Chora vimduara vya milimita 10, pawa iwe moja (dayodi unaweza kuweka 100, CO2 mimi ningekaa 60 mpaka 75 kwa ajili ya maisha ya tyubu), halafu badilisha spidi tu. Dayodi ya wati 10 kwa plaiwudi laini ya milimita 3 jaribu kati ya 150 na 450 kwa dakika, CO2 ya wati 60 jaribu kati ya 10 na 25 kwa sekunde. Mbao iwe imeinuliwa juu ya sega la chuma au misumari ili moshi utoke chini, na pampu ya hewa iwe imewashwa kwa nguvu. Hewa kwenye kukata sio ya kuchagua: inapuliza moshi usizibe njia ya mwanga, inazuia moto, na inalinda lenzi. Kwenye kuchora ndio unaipunguza iwe kidogo tu, ukipuliza kwa nguvu moshi unalalia mbao na kuacha doa.

Ukimaliza inua mbao bila kugonga. Vilivyoanguka vyenyewe ndio vimekatika. Chukua spidi kubwa kuliko zote iliyoangusha kimduara, halafu ipunguze kwa asilimia 10 au 15 hivi, kwa sababu plaiwudi ina vifundo na mabonge ya gundi ndani usiyoyaona, na ukienda na spidi ya mwisho kabisa kwenye shiti nzima utakuta vipande vinne havijakatika katikati ya kazi ya mteja.

Na pima upana wa mkato hapohapo. Kata mraba wa milimita 20, upime kwa kalipa (kifaa cha kupimia mpaka sehemu za milimita), ukipata 19.8 basi leza imekula 0.2, yaani unaongeza 0.1 kila upande kwenye mchoro. Bila hiyo namba viboksi vya kuchomekana vitakuwa vinalegea, na huu upana unabadilika kwa kila unene na kila setingi, kwa hiyo unaandikwa pamoja na setingi.

Akriliki yangu nikiichora haitoki nyeupe, inabaki kama kioo, nimekosea wapi?

Inawezekana hujakosea. Kuna akriliki ya kumiminwa kwenye ukungu na kuna ya kusukumwa kwa mashine. Ya kumiminwa ikichorwa kwa CO2 inatoka nyeupe nzuri kama barafu, ya kusukumwa inayeyuka na kubaki angavu. Gridi moja ya viboksi vichache inakujulisha ni ipi, kama viboksi vyote havina weupe acha kutafuta setingi, tafuta shiti nyingine. Usiondoe karatasi ya chini wakati wa kukata, inazuia alama za sega.

Mbao zetu za huku: mninga, mtiki, mvule, mpingo?

Mninga inachoreka vizuri na rangi yake inashika, ila ubao mmoja unaweza kuwa na sehemu nyekundu na sehemu ya manjano, testi zote mbili. Mtiki una mafuta ya asili, unatoa moshi unaonata, bandika masikingi tepu, ile ya mafundi rangi, juu ya mbao kabla ya kuchoma na uongeze pawa kidogo kufidia. Mvule nao unakubali. Mpingo ni mweusi na mgumu sana, hapo unakuwa unatafuta kina maana weusi juu ya weusi hauonekani, pita mara mbili tatu mpaka upate kishimo halafu jaza rangi ya dhahabu au nyeupe ufute juu, kwa hiyo gridi ya mpingo isomwe kwa kucha na kalipa, sio kwa macho. Mbao zote hizi ngumu kuzikata kwa dayodi ni mateso, chora tu, kukata mpelekee mwenye msumeno.

Nataka kuchora vifuu vya nazi na vibuyu, vina mviringo.

Kifuu kinachoreka vizuri mno, kigumu na rangi inatoka safi. Tatizo ni kimo. Rudi kwenye ule mstari wa mteremko, uangalie unabaki mwembamba kwa milimita ngapi juu na chini ya fokasi, kwa lenzi ya kawaida ya inchi 2 ni kama milimita moja au mbili tu kila upande. Picha yako isivuke eneo ambalo mviringo unashuka zaidi ya hapo, fokasi uiweke katikati ya kimo cha juu na cha chini. Kikivuka, kigawe mara mbili ukizungushe, au tafuta kifaa cha kuzungushia.

Chuma na kioo je?

Alumini iliyotiwa anodaizi (tabaka la rangi linalotengenezwa kwa umeme), chupa za chuma zenye rangi ya poda, hizo dayodi na CO2 zinatoa rangi ya juu tu, gridi ni ya kawaida. Alumini tupu, shaba, fedha, zinarudisha mwanga na ni za faiba. Chuma cha pua dayodi yenye nguvu inaweza kuweka alama nyeusi kwa kwenda polepole sana, CO2 inahitaji dawa ya kupaka juu. Kwenye faiba una kitu cha tatu cha kutesti, marudio ya mapigo, kwa zile za kawaida (zinaitwa Q-switch) ni kati ya kHz 20 na 80 hivi, kwa hiyo choma gridi ya spidi na pawa kwanza, halafu gridi nyingine ya spidi na marudio.

Kioo CO2 inakichora yenyewe, pawa ndogo ili kisivunjike vipande. Dayodi haikioni kioo mpaka upake rangi nyeusi juu. Vigae vyeupe ukivipaka rangi nyeupe yenye titanium dioxide na kuvichoma kwa dayodi vinabaki na picha nyeusi isiyotoka ukishaosha rangi, ni kazi nzuri sana ya ukutani, ila kila rangi ya dukani ina kiasi chake cha hiyo titanium, kwa hiyo kila kopo jipya gridi mpya.

Kuna kitu ambacho sitakiwi kutesti kabisa?

Ndiyo, na hapa naomba usome taratibu. PVC na vinaili, ikiwemo reksini nyingi, ile ngozi ya bandia ya viti na mikoba. Zikiungua zinatoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ikikutana na unyevu inakuwa asidi, inakula mapafu yako na inatafuna reli na lenzi za mashine. Hakuna setingi salama ya PVC, hata kiboksi kimoja cha majaribio usichome.

Ukiwa huna uhakika, pasha waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, uguse ile plastiki, halafu rudisha waya kwenye moto. Moto ukiwa wa kijani kibichi kuna klorini, iweke pembeni. Fanya hivyo nje, kakipande kadogo, upepo ukiwa mgongoni kwako. Ngozi halisi nayo uliza imelainishwa na nini, ile ya kromu moshi wake ni mbaya, ya magome ya miti ndiyo ya kuchagua. Polistairini ya povu inashika moto haraka mno. Polikaboneti inaungua njano na haikatiki vizuri.

Na hata kwa matirio salama: feni ya kutoa moshi nje, mtungi wa kuzimia moto karibu, usiondoke mashine ikiwa inafanya kazi, na miwani yenye maandishi ya nanomita za leza yako. Miwani ya rangi ya machungwa ya dayodi haikulindi na faiba.

Picha za watu zinatoka nyeusi tupu, nifanyeje?

Picha inatumia vidoa, kwa hiyo setingi ya kujaza weusi ni kali mno kwake. Tengeneza ukanda wenye hatua 10 kutoka nyeupe mpaka nyeusi, uchome kwa njia ya Jarvis au Stucki (mbinu za programu za kugeuza picha kuwa vidoa), ukianza na kama nusu ya pawa uliyotumia kwenye maandishi. Unataka hatua zote 10 zionekane tofauti. Zikigandana upande wa giza punguza pawa au panua umbali wa mistari.

Hali ya hewa ya pwani inabadilisha setingi kweli?

Inabadilisha. Plaiwudi na MDF zinanyonya unyevu, masika ya Dar, Tanga au Mombasa shiti inapinda na inataka pawa zaidi kwa sababu leza inakausha maji kwanza. Hifadhi ndani, zilale bapa, na ukitoa mzigo mpya choma gridi ndogo.

Kwa CO2 joto la maji ndiyo kubwa zaidi. Tyubu inataka maji ya nyuzi 15 mpaka 25 hivi. Kile kipozeo cha CW-3000 hakina kompresa, kinapoza mpaka joto la hewa ya chumba tu, na chumba cha Dar saa nane mchana ni nyuzi 31 au zaidi, hapo pawa inashuka na gridi uliyochoma asubuhi sio ya mchana. Huku pwani nunua chenye kompresa kama CW-5000 au 5200. Ila usiyapoze maji kupita kiasi, unyevu utaganda nje ya tyubu kama jasho na umeme unaweza kuruka. Dayodi nayo ikichemka inapungua nguvu.

Mteja kaleta kitu kimoja tu, sina cha kutestia.

Tafuta sehemu isiyoonekana: chini, ndani ya mkunjo, nyuma. Choma viboksi vitatu vya milimita 3. Kama haipo, tafuta kitu kinachofanana, anza na pawa ya chini kuliko unavyodhani, na kitu kikiwa kimebanwa hakisogei rudia mpito wa pili juu yake mpaka rangi ifike. Kuongeza unaweza, kurudisha huwezi. Na mwambie mteja hivyo kabla hujaanza.

Nazihifadhije hizi namba?

LightBurn ina maktaba ya matirio, faili lake linaishia na .clb, ukipata setingi iingize hapohapo na ulihifadhi nakala kwenye simu au flashi. Lakini gridi yenyewe usitupe. Andika nyuma yake kwa kalamu: matirio, unene uliopimwa kwa kalipa, duka, tarehe, lenzi, fokasi, umbali wa mistari, hewa ilikuwa imewashwa au la, mpito mara ngapi. Toboa tundu, tundika ukutani. Mteja akija unamwonyesha vivuli anachagua mwenyewe, inapunguza mabishano sana siku ya kuchukua kazi.

Setingi ilikuwa inakata vizuri mwezi uliopita, leo haikati. Niongeze pawa?

Usiongeze kwanza. Futa lenzi na vioo, pima fokasi upya, angalia joto la maji, angalia kama pampu ya hewa inapuliza kweli na bomba halijakunjika. Kwa CO2 hakikisha mwanga unagonga katikati ya kila kioo kwenye pembe zote nne za meza, kwa kuweka kipande cha tepu mbele ya kioo na kufyatua mara moja. Halafu choma kwenye MDF ileile uliyotestia mwanzo, weka shiti moja pembeni kwa kazi hiyo tu. MDF ikitoka kama zamani, mashine ni nzima na shida iko kwenye mzigo mpya wa plaiwudi, choma gridi yake. MDF nayo ikitoka hafifu baada ya usafi wote huo, basi tyubu au dayodi imeanza kuchoka, na gridi zote za ukutani za mashine hiyo inabidi uzirudie moja moja, ukianza na zile za kazi unazofanya kila wiki.